Mwisho wa Anwani ya Mama

1

Msajili alipanga vibao vitatu mezani, kimoja kimoja, kama mtu anayemwandalia mgeni asiyejua anakula nini. Kila kibao kilikuwa na neno moja. Hai. Zana. Kumbu.

"Chagua mkia wa anwani, dada," alisema. "Una mpaka kesho saa sita mchana. Kesho ndiyo arobaini ya marehemu, sivyo?"

"Ndiyo, Bwana Msajili."

"Pole sana. Mke wangu alimuuguza mama yake kwa barua za Kitandani. Mwaka mzima mgonjwa kalala, na hakupata kidonda hata kimoja mgongoni."

Theodosia Lihiru aliitikia kwa kichwa. Tangu arudi Mahenge kuzika, kila aliyekutana naye alimpa sifa ya namna hiyo, na kila mara aliipokea kama mtu anayesifiwa kwa nguo ya kuazima. Mama yake, Leokadia, muuguzi mstaafu, alikuwa ameandika tovuti ya Kitandani kwa miaka kumi na tisa. Ilikuwa ya watu wanaouguza nyumbani: jinsi ya kumlisha asiyeweza kumeza, jinsi ya kumwosha mzee bila kumvunjia heshima, jinsi ya kukaa kimya mgonjwa anapolia. Watu waliuliza, Leokadia alijibu, na kila jibu aliloandika lilimalizika kwa maneno yale yale: Geuza mgonjwa, kisha ujigeuze nawe. Alitaka muuguzaji naye alale kidogo.

Anwani yake ilikuwa kitandani.hai.

Miaka thelathini ilikuwa imepita tangu wakati ule ambao wazee waliuita Mwaka wa Sauti Nyingi, ambapo hakuna aliyejua tena kama anayemwandikia ni mtu, au ni mtambo, au ni mtambo uliovaa sauti ya mtu aliyekwisha zikwa. Sheria iliyokuja baadaye ilikuwa fupi. Kila tovuti ya kusomwa ilipaswa kusema, mwishoni mwa anwani yake, baada ya nukta, ni nani anayesema ndani. Wenye hai walipewa kioo cha pumzi, cha ukubwa wa kiganja. Kila asubuhi mwenye tovuti alikipulizia, kioo kikaitambua pumzi yake, tovuti ikafunguka kwa siku hiyo. Akifa, familia ilipewa siku arobaini za kuchagua mkia mpya, na kwa siku hizo tovuti ilibaki wazi bila pumzi.

"Ukichukua hai," Msajili alisema akigusa kibao cha kwanza, "unaapa kwamba kila neno lililomo lilitoka kwa mtu anayepumua. Na kuanzia kesho unapuliza wewe. Ukichukua zana, unakiri yote ni kazi ya mtambo, hata yale aliyoandika kwa mkono wake. Na mtambo hauruhusiwi kushauri juu ya ugonjwa. Kwa hiyo Kitandani itafungwa kama duka."

"Na kumbu?"

"Kumbu ni ya waliolala. Haiongezwi neno milele. Lakini kwanza tunapitisha chujio. Yule mwandani, mtambo uliokuwa unamsaidia mama kuandika, anakumbuka kila neno liliingiaje: kwa sauti ya mama, kwa kidole cha mama, au alilitunga mwenyewe. La marehemu linabaki. La mwandani linafutika."

Theodosia aliweka mkono juu ya mkoba wake. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha Misa, na katikati ya kitabu karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Kuna barua moja," alisema. "Naomba niitazame kwanza. Nijue tu ni ya nani, kisha nichague."

Msajili alivua miwani. "Hapana, dada. Zamani tuliruhusu. Watu wakawa wanatazama kwanza, kisha wanaapa kwa kile kilichowafaa. Chujio linakuja baada ya kiapo. Kabla yake hakuna ajuaye, hata mimi."

2

Barua yenyewe ilitoka Jumapili ya tatu ya Pasaka, na kichwa chake kilikuwa "Kwa Binti Asiyefika." Haikutaja jina. Ilisema: Usijilaumu. Mwenye kukupenda hahesabu hatua ulizokosa kupiga. Baki ulipo, fanya kazi yako, mimi nimekwisha kukusamehe.

Theodosia aliisoma akiwa Mwanza, alikokuwa fundi wa mitambo ya kusafisha maji. Mkoba wake ulikuwa mlangoni, umefungwa. Alisoma mara tatu, akalia, akamshukuru Mungu kwa machozi, kisha akafungua mkoba na kurudisha nguo kabatini. Wiki nne baadaye alipigiwa simu kwamba mama amelala.

Sasa alipofika nyumbani kutoka Masjala, alisikia sauti ya mama yake kabla hajavua viatu.

Ilitoka chumbani. Miaka ya mwisho macho ya Leokadia yalikuwa yamekufa, kwa hiyo mwandani alikuwa akimsomea kila swali na kila jibu kwa sauti, na sauti aliyoichukua ilikuwa ya Leokadia mwenyewe. Kwa siku arobaini sheria haikumruhusu mtu kuizima. Wafiwa walikuwa wamekaa kwenye mikeka barazani, ukungu wa Julai umewafunika magoti, na huko ndani marehemu alikuwa anamweleza mtu namna ya kupoza homa kwa kitambaa.

"Dada yangu hakunyamaza alipokuwa hai," alisema Mjomba Gaudensi, "sembuse sasa kapata nafasi."

Watu walicheka. Kisha wakaacha wote kwa pamoja, maana sauti ya ndani nayo ilikuwa imecheka kidogo, kama ilivyozoea.

Apolonia alikuwa uani akikunja mashuka. Yeye alikuwa binti wa mama mdogo, na ndiye aliyemuuguza Leokadia mwaka mzima. Theodosia alishika ncha mbili za shuka, Apolonia akashika mbili, wakavuta.

"Polo, mama alipulizia kile kioo mpaka lini?"

"Mpaka asubuhi ile ile."

"Na kusema, alisema mpaka lini?"

Apolonia alikunja upande wake, akasogea, akachukua ncha za Theodosia mikononi mwake. Hakumtazama.

"Dada, imebaki siku moja. Tuanue tanga salama."

"Polo."

"Jumapili ya Matawi," alisema Apolonia. "Alisema maji. Nikampa. Baada ya hapo sikusikia neno."

"Barua zilitoka kila wiki mpaka Mei."

"Zilitoka. Sikuziandika mimi. Mimi nilimwekea kioo mdomoni, basi. Alikuwa anapumua. Walitaka pumzi, nikawapa pumzi." Aliweka shuka juu ya mengine na kulilaza kwa kiganja. "Ningekiacha siku moja, tovuti ingefungwa, watu wangesema Mama Leokadia ameisha, wangeanza kuja na mikeka yao huku anatusikia. Nilitaka afe mara moja. Asife mara mbili."

Theodosia alitafuta hasira ndani yake asiione. Aliona tu mkono wa binti huyu, kila alfajiri, umeshika kioo mbele ya mdomo usiosema.

"Na barua yangu?" aliuliza.

"Sijui. Kweli ya Mungu, dada, sijui. Wiki ile kuna asubuhi nilitoka kuchemsha uji. Niliporudi nilikuta kidole chake kiko juu ya kibao cha herufi cha mwandani, kinatetemeka. Labda alikuwa anaandika. Labda mkono ulianguka tu. Niliurudisha chini ya blanketi usipigwe na baridi."

Theodosia alikwenda chumbani peke yake. Kitanda kilikuwa uchi, kamba zake zimelegea katikati kwa umbo la mtu. Mwandani, kisanduku cheupe kisichozidi sabuni ya kufulia, kilikuwa kwenye kimeza kando ya rozari.

"Mama," alisema, na papo hapo akaona aibu. "Ile barua ya binti asiyefika. Uliiandika wewe?"

"Mwanangu," ilisema sauti, "umekula?"

Aliketi juu ya kamba. Ndivyo mama yake alivyojibu kila swali gumu tangu Theodosia akiwa mdogo. Lakini mama gani katika nchi hii hakujibu hivyo?

"Bado," alisema.

"Kula kwanza. Mambo mengine yana siku yake."

Kisanduku kilipiga kengele ndogo. Swali jipya limeingia, na sauti ya mama ikaanza kulisoma kwa utulivu, kama anayesoma somo kanisani.

"Shikamoo Mama Leokadia. Ni mimi Deusdedit, niko Dodoma. Baba yangu yuko Malinyi, huu ni mwezi wa pili hainuki. Nilikuwa nimekwisha omba ruhusa kazini. Nikasoma barua yako kwa binti asiyefika. Imenipa amani sana, Mama. Nimeona nisubiri mpaka Krismasi."

Jibu halikukawia. "Marahaba, mwanangu. Amani hiyo ni ya Mungu, ipokee. Baba hahesabu hatua. Geuza mgonjwa, kisha ujigeuze nawe."

Theodosia aliinuka. Mama yake asingemwambia mtu aliyeko Dodoma amgeuze mgonjwa aliyeko Malinyi. Angemuuliza kwanza: uko kando ya kitanda, au uko mbali?

"Mwambie aende," alisema.

"Mwanangu, maneno yanayotoka hapa ni ya Leokadia peke yake."

"Leokadia angemwambia aende."

"Umekula?" kisanduku kikauliza.

3

Mjomba Gaudensi alimkuta nyuma ya nyumba, karibu na migomba, ameshika ile karatasi bila kuikunjua.

"Nimesikia habari za mikia," alisema, akajishusha juu ya kigogo huku akiguna. "Unajitesa bure, mpwa wangu. Kesho baada ya Misa tunaanua tanga. Utakaa kwenye kigoda, shangazi zako watakufunika kanga ya mama yako, na ukoo mzima utakuita Leokadia. Hata mimi nitakuita dada. Mimi, niliyekubeba mgongoni. Sasa niambie, Leokadia atakuwa amekufa?"

"Mjomba, hilo ni jina."

"Jina ndiyo nini? Bibi yako alirithi jina la shangazi yake, na madeni ya shangazi yakamfuata, na mume wa shangazi akamwamkia kama mkewe mpaka anazikwa. Hatukuona ni uongo. Nenda kachukue hai. Leokadia aliandika, Leokadia anaapa, Leokadia anapumua. Nani hapo kasema uongo?"

"Mungu atajua."

"Mungu anajua na mambo ya Apolonia na kioo chake. Hajamchapa."

Theodosia alicheka bila kutaka. Mjomba aliona mlango umefunguka, akaingia.

"Watu wangapi wanaisoma ile tovuti, mpwa wangu? Usiku huu kuna mtu mahali ana mgonjwa hamezi. Ukiweka kumbu, ataliuliza kaburi. Na wewe mwenyewe," alionyesha karatasi kwa kidevu, "hicho umekipata. Umesamehewa. Mwenye busara hapeleki kilichomo mfukoni mwake kwenye chujio."

Alipoondoka, Theodosia alikwenda kanisani. Ilikuwa alasiri, na ndani hapakuwa na mtu ila mama mmoja aliyekuwa akifuta vumbi viti. Alipiga magoti kusali Rozari ya mama yake. Aliomba apewe nguvu. Aliomba wagonjwa wasiachwe. Aliomba kwa muda mrefu, kwa maneno mazuri, kabla hajasikia kitu alichokuwa anakiomba chini ya hayo yote. Alikuwa anaomba asijue.

Alinyamaza basi. Aliona haya, kama mtoto aliyekutwa na kitu cha watu mkononi. Akafikiri juu ya Deusdedit, ambaye naye jioni ile alikuwa na amani, na juu ya mzee wa Malinyi aliyekuwa akitazama mlango. Amani ile yeye na Deusdedit waliipokea kwa barua moja. Kama haikuwa ya mama, basi ilitoka wapi? Na ikibaki na neno hai mwishoni mwa anwani yake, kwa kiapo cha Theodosia, kuna mabinti na wana wangapi wengine watarudisha nguo kabatini?

"Bwana," alisema hatimaye, kwa sauti, na yule mama wa vumbi akageuka. "Unitazame mimi kwanza."

4

Asubuhi Apolonia alisisitiza kwenda naye. Walitembea, mvuke ukiwatoka mdomoni.

Msajili alipanga vibao vile vile. Theodosia aligusa cha tatu.

"Kumbu," alisema.

"Umesikia watu wengi wanarithi jina na kuchukua hai? Wiki hii peke yake nimepata watatu. Sheria haiwakatazi."

"Nimesikia."

Aliapa kwa mkono juu ya kitabu chake cha Misa. Msajili akageuza kioo kikubwa cha ukutani ili nao waone, maana sheria ilitaka familia ishuhudie, na Kitandani ikaanza kupita kwenye chujio.

Barua za mwanzo zilishuka nzima. Theodosia alizitambua kama mtu anavyotambua ua la nyumbani kwao: barua ya uji, barua ya kucha, barua ya mzee aliyekataa kuogeshwa na mkwewe. Apolonia alizinong'ona baadhi bila kusoma. Kisha zikaja za miaka miwili ya mwisho, na hizo zikaanza kutoboka kama jani lililoliwa na wadudu. Sentensi ilikosa kichwa. Aya ilibaki na maneno manne. Maneno ya mama yalisimama pale yalipokuwa, mbalimbali, na katikati yake weupe.

Baada ya Jumapili ya Matawi ukawa weupe mtupu. Barua moja, weupe. Ya pili, weupe. Theodosia alianza Salamu Maria na kuisahau katikati, sala aliyoisema kila siku ya maisha yake.

"Hii hapa," alisema Msajili polepole.

Kichwa kilifutika kwanza. Kwa Binti Asiyefika: hakipo. Usijilaumu: halipo. Mwenye kukupenda hahesabu hatua: neno kwa neno, kutoka kushoto, likaondoka kama chaki chini ya kitambaa. Baki ulipo likaondoka. Nimekwisha kukusamehe likaondoka. Theodosia alikuwa ameshika meza. Alifikiri imekwisha, na alikuwa anajiandaa kuinuka, alipoona kwamba katikati ya ukurasa, mahali ambapo barua ilikuwa nene kuliko pote, kuna kitu kimejitokeza, kilichokuwa kimefunikwa na maneno yaliyofutika.

Yalikuwa maneno mawili. Pembeni chujio liliandika asili yake: kwa kidole.

Mwambieni aje.

Nje mtu alipita akipiga mluzi.

"Mwandani hupewa neno akalipamba mpaka lenyewe lisionekane," alisema Msajili akitazama mikono yake. "Hufanya hivyo kwa wema. Aliona neno lenye uchungu, akatafuta namna ya kumfariji atakayelisoma. Ndivyo alivyofundishwa."

"Nilikuwa nachemsha uji," alisema Apolonia. "Nilikuwa hapo jikoni. Nikaurudisha mkono chini ya blanketi." Akaketi sakafuni, akajifunika uso kwa kanga.

Theodosia alichuchumaa kando yake, akamshika kichwa. Hakulia. Kile kilichomjia kilikuwa chini zaidi ya kilio, na alijua atakuwa nacho miaka mingi, kama mtu anavyokuwa na goti baya. Lakini kilikuwa cha mama yake. Kilikuwa kitu pekee ndani ya ile barua kilichokuwa cha mama yake, na alikishika.

"Kuna swali moja halikujibiwa," alisema Msajili. "Limeingia baada ya kiapo chako, na mwandani haruhusiwi tena kujibu. Kisheria linahamia kwa mrithi, kama mrithi ana pa kulipokea."

"Ni la nani?"

"Deusdedit. Anasema, 'Mama, mdogo wangu amepiga simu. Anasema baba ananiulizia. Nisafiri, au neno lako la jana bado linasimama?'"

Theodosia aliinuka. "Nipe anwani mpya," alisema. "Yangu mwenyewe. Nukta hai."

"Jina?"

"Asiyefika."

Msajili alimtazama juu ya miwani. "Hilo jina zito, dada. Utalipulizia kila asubuhi."

"Ndilo nililo nalo."

Akampa kioo kipya, baridi kama jiwe la mtoni. Theodosia alikileta karibu na mdomo, kama Apolonia alivyokuwa akikileta kwa mwingine, na akapuliza. Ukungu mdogo ulitanda, ukakaa, ukaanza kujikunja kutoka pembeni. Anwani ikafunguka, tupu, bila barua hata moja.

Hakuwa na mwandani wa kumpambia. Aliandika: Nenda leo.

Jibu lilikuja kabla ukungu haujaisha kiooni. Wewe ni nani? Nimemuuliza Mama Leokadia.

Mama Leokadia amelala tangu mwisho wa Mei, aliandika. Mimi ndiye yule binti. Barua uliyoisoma haikuwa yake.

Alingoja. Kengele ya saa sita mchana ilianza kulia kanisani, na huko nyumbani, alijua, sauti chumbani ilikuwa imekatika katikati ya neno, na wafiwa wamegeuza vichwa, na shangazi zake wametandaza kanga juu ya kigoda kitupu.

Deusdedit aliandika: Yeye alisemaje?

Theodosia alishusha mkono mmoja mapajani. Kwa kidole kimoja tu cha mkono mwingine, polepole, alitafuta herufi moja baada ya nyingine, akaandika:

Mwambieni aje.